Binti wa Kindu aliyesema anatoka Kinshasa

KINDU – Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, kwenye meza ya chakula katika nyumba moja mjini Pisa, huko Italia, mama mmoja mkaaji wa mtaa wa Kasuku alimsikia binti yake akisema uongo kwa lugha ambayo mama mwenyewe haijui.

Ilikuwa hivi. Baba na mama walifika Pisa siku ile ile wakitokea Brussels kwa kijana wao mkubwa. Bibi mwenye nyumba, mwanamke wa Kiitaliano mwenye miaka zaidi ya sabini, alikuwa amewaandalia chakula. Mama akasimama, akamshika yule bibi mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili: "Sisi ni watu wa Kindu. Tunakushukuru kwa kutulelea mtoto." Kisha akamgeukia binti atafsiri. Binti akatafsiri. Mama hakuelewa neno hata moja la Kiitaliano, lakini jina la mji alilisikia vizuri. Halikuwa Kindu. Lilikuwa Kinshasa.

Mama aliketi, akala, akashukuru. Mbele ya mwenyeji hakusema kitu. Walipobaki watatu chumbani ndipo alipouliza.

"Mama, umemwambia yule bibi tunatoka wapi?"

"Nimemwambia mnamsalimia na mnamshukuru."

"Nimesikia Kinshasa. Nani kati yetu ni mtu wa Kinshasa?"

Binti akaanza kulia.

Familia hii imekubali habari yao isimuliwe kwa sababu wanaona inawahusu wengi, hasa wale waliolazimika kuacha makwao. Wameomba tu majina yao yasitajwe.

Binti huyo ana miaka 22 na ni mwanafunzi wa kilimo. Mwaka 2024 alipata ufadhili wa kusoma muhula mmoja, kuanzia Septemba mpaka Februari, katika chuo kikuu cha Pisa. Chuo hicho ni cha zamani sana, kilianzishwa mwaka 1343. Habari hiyo ilipofika Kasuku, majirani walikuja kupongeza, na mama akapika wali na sombe kwa watu wengi kuliko sufuria zake. Hakuna aliyejua mtoto anakwenda katika mji ambao jina la Kindu linajulikana kuliko miji mingine mingi ya Kongo.

Yeye mwenyewe aligundua hilo katika wiki yake ya kwanza. Mgeni anayekuja kusoma Italia hupaswa kuomba kibali cha kukaa ndani ya siku 8 za kazi, na fomu zake hupelekwa posta. Pale posta mzee mmoja alichukua pasipoti yake, akasoma mahali alipozaliwa, akainua macho. "Kindu," alisema polepole. Kisha akaongeza neno la Kiitaliano ambalo binti aliliangalia baadaye kwenye simu. Maana yake ilikuwa "wale kumi na watatu".

Usiku ule alisoma kwenye intaneti mpaka saa nane. Alikuwa amezaliwa Kindu, amemaliza shule ya msingi na ya sekondari hapa hapa, na habari hiyo hakuwahi kufundishwa hata siku moja.

Habari yenyewe ni hii. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye Katanga ilijitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa huko Katanga. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeleta majeshi yake, na hapa Kindu walikuwepo askari kutoka Malaya. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo za jeshi la anga la Italia zilitua Kindu zikiwaletea askari hao chakula na vifaa. Marubani na mafundi wake walikuwa wa brigedi ya 46, ambayo makao yake ni Pisa. Askari wa Kongo waliokuwa hapa walikuwa na hasira na hofu ya Katanga. Waliwaona wazungu wenye sare, wakadhani ni mamluki. Waitaliano wote 13 waliuawa, akiwemo daktari wao.

Habari za kwanza zilizofika Ulaya zilisema miili ilitupwa mtoni, na magazeti ya wakati ule yakaandika mambo ya kutisha kuliko hayo. Baadaye miili ilikutwa imezikwa katika makaburi ya Tokolote. Mwezi Machi 1962 mabaki yao yalirudishwa Pisa. Yamehifadhiwa katika jengo la kumbukumbu karibu na uwanja wa ndege, na kila tarehe 11 Novemba watu hukusanyika hapo. Miji kadhaa ya Italia ina barabara zenye jina la waliokufa Kindu.

Binti alisema kilichomvunja moyo hakikuwa historia yenyewe. Ni kile kilichofuata siku chache baadaye, mahali wanafunzi wanapokula. Aliwaambia wenzake anatoka Kindu, na kijana mmoja akamuuliza akicheka kama ni kweli watu wa huko walikula wazungu. Wengine walinyamaza. Mmoja alicheka. Binti aliacha sahani yake mezani, akatoka. Kuanzia siku ile, kila aliyemuuliza alijibu: Kinshasa. Alimjibu hivyo mwalimu, alimjibu hivyo muuza matunda, na alipohamia kwa yule bibi, alimjibu hivyo pia.

"Nilikuwa najiambia kwamba ni neno tu," anasema. "Lakini kila nikilisema, nilikuwa naona uso wa mama."

Wazazi wa mwanafunzi wa Kindu kumtembelea mtoto wao Italia si jambo la kila siku. Baba ni mstaafu wa reli, mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa makuta yao wenyewe wasingeweza. Kijana wao mkubwa, anayefanya kazi Brussels, ndiye aliyewatumia barua ya mwaliko na tiketi. Walipanda ndege kwenda Kinshasa kuomba visa, wakasubiri majibu kwa wiki kadhaa kwa ndugu, wakilala sebuleni. Visa ya Ubelgiji ni ya eneo la Schengen, kwa hiyo iliwaruhusu kufika Italia pia. Mama alifunga kwenye sanduku kilo mbili za mchele wa Maniema, kwa sababu hakuamini kwamba mtoto anakula vizuri.

Siku ile ya kwanza, kabla ya chakula, binti aliwatembeza mjini. Waliuona mnara uliolala upande, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1173. Mama alisema fundi wa namna hiyo angekuwa Kindu asingelipwa. Walisimama juu ya daraja la mto Arno. Baba, ambaye maisha yake yote ameona Lualaba, na watu wakivuka kwa mitumbwi kwenda Alunguli, aliuliza kama huu ndio mto wenyewe au ni mkono wake tu. Walicheka sana. Saa chache baadaye walikuwa wamekaa kitandani katika chumba cha binti, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Binti alieleza yote: posta, intaneti, yule kijana, uongo wa miezi miwili. Mama alisikiliza akiwa ameshika kitambaa mkononi. Alisema uongo wa namna hiyo ni kama kumwacha mzazi wako njiani na kusema humjui.

Baba hakukasirika. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akauliza swali moja.

"Ndege hizo zilikuwa na mikia miwili?"

Binti alikuwa hajamwonyesha picha yoyote. Alifungua simu, akatafuta ndege aina ya C-119. Ilikuwa kweli. Ni ndege yenye tumbo pana na mikia miwili mirefu iliyounganishwa nyuma kwa ubao mmoja. Baba aliiangalia picha, akairudisha simu.

Alizaliwa mwaka 1955. Siku ile alikuwa na miaka sita. Anakumbuka kwamba watoto walitoka mbio kutazama ndege zikishuka, na yeye alidhani ni ndege nne zilizofungwa mbili mbili. Anakumbuka kwamba baadaye mama yake aliwaingiza wote ndani, akafunga mlango mchana, na siku kadhaa hawakuruhusiwa kwenda mtoni. Waliposikia milio, mama yake aliwafunika kwa kikwembe chake kimoja, watoto wanne. Na anakumbuka maneno aliyowaambia: chochote mlichokiona, hamkukiona.

Alitii. Alikaa na neno hilo miaka 63. Hakumwambia hata mkewe.

"Mimi nilinyamaza, na wewe ukadanganya," alimwambia binti. "Nisikukasirikie. Umefanya kama mimi."

Kisha akaongeza jambo aliloambiwa na mama yake alipokuwa mtu mzima: kwamba waliowaua walikuwa askari, na waliowazika walikuwa watu wa Kindu. Usiku ule kulikuwa na watu waliochukua majembe na kwenda Tokolote wakijua kwamba wakionekana wanaweza kufa. Majina yao baba hayajui.

Asubuhi yake mama alisema jambo moja tu: yule bibi lazima aambiwe ukweli, na aambiwe leo. Binti aliogopa. Alikuwa na mitihani mwezi Januari, na kupata chumba kingine Pisa katikati ya mwaka ni kazi ngumu. Mama akasema hata akifukuzwa, afukuzwe kwa jina lake.

Waliketi tena kwenye meza ile ile. Baba alizungumza kwa Kiswahili, polepole, akisimama kila baada ya sentensi mbili ili binti atafsiri. Alisema wanatoka Kindu. Alisema alikuwa mtoto siku ile, na alizoona ni ndege na mlango uliofungwa. Alisema anatoa pole, ingawa hajui kama mtu aliyekuwa na miaka sita anaweza kutoa pole kwa ajili ya mji.

Bibi hakujibu mara moja. Aliinuka akazima jiko, kisha akarudi. Alisema mwezi Machi 1962 alikuwa msichana mdogo, na baba yake alimshika mkono katikati ya umati wa watu majeneza yalipofika. Tangu siku hiyo neno Kindu kwake lilikuwa kama jina la ugonjwa. Hakuwahi kufikiri kwamba ni mji wenye soko, wenye shule, wenye watoto wanaofua nguo mtoni. Alimwangalia binti, akamuuliza kwa nini hakumwambia. Binti akamjibu kwamba alikuwa anaogopa uso wake ungebadilika.

"Ungebadilika," bibi alisema. "Ni kweli. Lakini ungerudi."

Walizungumza mpaka mchana. Bibi alimtaja pia balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliyeuawa tarehe 22 Februari 2021 kaskazini ya Goma pamoja na askari mlinzi wake, Vittorio Iacovacci. Alisema Waitaliano wengi kila wanaposikia Kongo wanakumbuka mtu wao aliyekufa. Baba alitikisa kichwa kukubali, kisha akauliza kama wanamkumbuka pia dereva. Bibi hakujua jina lake. Baba akamwambia: aliitwa Mustapha Milambo, Mkongomani, aliuawa pale pale siku ile ile. Bibi alichukua kalamu, akaandika jina hilo nyuma ya bahasha, akamwomba binti amsomee kama ameliandika sawa.

Jumatatu ilikuwa tarehe 11 Novemba. Waliacha sherehe ya wanajeshi na familia zao ipite kwanza, wakaenda baadaye, watu wanne kwa basi: baba, mama, binti na yule bibi. Walinunua maua njiani. Baba alivaa kofia yake na koti la kijana wake, ambalo mikono yake ilikuwa mirefu. Walisimama pale bila kuambizana la kufanya. Baba alifungua viganja akaomba dua. Bibi alifanya ishara ya msalaba. Mama aliweka maua. Ndege za abiria zilikuwa zinapaa karibu hapo, kwa sababu uwanja wa Pisa unatumiwa na raia na jeshi pamoja. Ni uwanja ule ule waliotua wao siku mbili kabla.

Mwanaume mmoja mzee alipita, akaona kikwembe cha mama, akauliza kwa heshima wageni wanatoka wapi. Binti alijibu kwa sauti ya kusikika: "Kindu."

Mzee aliwaangalia mmoja mmoja. Hakusema kitu. Akainamisha kichwa, akaenda zake. Binti anasema mpaka leo hajui mzee yule alifikiri nini. Ila yeye mwenyewe, anasema, usiku huo alilala.

Si kila kitu kilitengenea. Aliporudi darasani aliwaambia wenzake ukweli. Mmoja wa waliokuwepo siku ile alimwomba msamaha. Yule aliyeuliza swali akicheka hakuomba, na waliendelea kukaa darasa moja bila kusalimiana. Mwezi Desemba kila mwanafunzi alitakiwa kueleza zao moja la kwao. Binti alieleza mchele wa Maniema: jinsi unavyolimwa kwa mvua katika mashamba yaliyofyekwa msituni, jinsi wanawake wanavyoutwanga, na jinsi unavyosafirishwa kwa mto, reli na baiskeli. Kwenye ramani aliweka alama moja tu, akaandika jina lake. Mchele wa kuonja ulikuwa ule wa sanduku la mama.

Mwisho wa Januari 2025, akiwa katikati ya mitihani, aliona kwenye simu habari za Goma kuanguka mikononi mwa M23. Katikati ya Februari ikawa Bukavu. Aliporudi Kindu mwezi huo alikuta nyumba yao imejaa. Wazazi walikuwa wamepokea familia iliyokimbia vita huko Kivu, mama mmoja na watoto wake watano. Binti alilala chini pamoja na wasichana wao.

Mkubwa wa wasichana hao ana miaka kumi, na kwao ni Shabunda. Siku moja, wakirudi kutoka bombani, binti alimsikia akiwaambia watoto wa jirani kwamba yeye alizaliwa Kindu, katika nyumba hiyo hiyo. Binti hakumsahihisha mbele ya watu. Jioni alimuuliza kwa nini. Msichana akasema shuleni wanawaita watoto wa vita, na mmoja alisema wakimbizi ndio walioleta njaa sokoni.

Ndipo binti akamsimulia habari ya Pisa, tangu posta mpaka kwenye meza ya yule bibi. Hakumpa maonyo. Alimwambia tu kwamba mahali unapotoka pakiwa na jina baya, wa kulieleza jina hilo vizuri ni wewe, kwa sababu wengine wanajua sehemu moja tu.

"Na wewe hukuogopa?" msichana aliuliza.

"Niliogopa. Nilidanganya miezi miwili."

Msichana alifikiri kidogo. "Mimi ni wiki tatu tu," akasema.

Watu wa Kindu waliokuwa watoto mwaka 1961 wamebaki wachache. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani amuulize leo, kwa upole, bila kumlazimisha. Na aliyepokea wageni wa vita awaulize watoto wao kuhusu kwao: mto gani uko huko, wanakula nini, mwalimu wao aliitwa nani.

Mwezi Aprili baba alikwenda Tokolote pamoja na binti. Yule msichana wa Shabunda aliomba kufuatana nao. Baba hakujua ni sehemu ipi hasa waliyozikwa wale Waitaliano, na hakuna aliyeweza kuwaonyesha. Walitembea, wakasimama chini ya mti kukwepa jua. Watoto wa pale waliwazunguka, na mmoja akauliza mzee amepoteza nini.

Baba aliketi kwenye mzizi wa mti, akavua kofia, akajifuta jasho.

"Kaeni," aliwaambia. "Nilipokuwa mdogo kama ninyi, siku moja zilishuka hapa ndege mbili zenye mikia miwili."